Anga jeupe, mlima mweusi: Ol Doinyo Lengai kutoka Natron

Ndugu, kama kwenye picha zako za Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo kusini mwa Ziwa Natron, Tanzania, anga linatoka jeupe na mlima mweusi, kamera yako haina kosa. Saa uliyopigia ndiyo mbaya. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, hivyo mwanga laini wa asubuhi huisha upesi. Uwe umeshafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu saa kumi na moja na nusu alfajiri: ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), faili la RAW (picha ghafi, rahisi kurekebisha). Ukiwa ufuko wa kusini wa ziwa, mlima uko kusini na jua linatoka kushoto kwako, linaupiga ubavuni. Makorongo yake ndipo yanapoonekana.

Pima mwanga kwenye anga, si kwenye mlima. Ukisita, piga picha tatu zenye viwango tofauti vya mwanga: −2 (nyeusi zaidi), 0, +2 (angavu zaidi). Giza hurekebishika baadaye, anga lililoungua kwa mwanga mwingi halirudi.

Kichujio cha polaraizi, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao na kukoleza bluu ya anga, kinafaa sana hapa, ila kwa lenzi ya pembe pana, yenye urefu wa fokasi chini ya milimita 24, huacha doa la bluu nzito angani.

Vumbi la magadi likitua kwenye lenzi, lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira. Ukikimbilia kitambaa, unakwaruza kioo. Na lenzi ibadilishie ndani ya gari.