Barua kwa mwanangu anayeuliza kama Harvard watamchukua

Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza hivi: ukiwa na GPA, yaani wastani wa alama za shahada, ya 3.9 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 615 za GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, na miaka minne kwenye kampuni ya fedha za simu, nafasi yako ya kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara, Harvard na Stanford za Marekani au INSEAD ya Ufaransa ni asilimia ngapi? Mtu mmoja mtandaoni kakwambia asilimia 10, mwingine kakwambia usipoteze hela zako.

Asilimia sikupi, mama. Mwaka 2024 Harvard walipokea maombi karibu 10,000 kwa darasa la watu 930 hivi, na Stanford zaidi ya 7,000 kwa darasa la watu 420 hivi. Ukigawanya utapata namba, lakini ni namba ya kundi zima: mhandisi wa Mumbai, mwanajeshi wa Marekani, kijana wa benki wa New York, na wewe. Kamati ya udahili haipigi kura ya bahati nasibu. Nilipokuwa idara ya mikopo, hakuna mteja aliyepewa pesa kwa sababu eti mmoja kati ya kumi hupewa. Tulikuwa tunafungua faili lake. Basi na lako tulifungue.

GPA tuimalize haraka, maana haibadiliki tena. Hiyo 3.9 ni kati ya 5, daraja la pili la juu. Wamarekani wanahesabu kati ya 4, kwa hiyo kama kuna aliyekusifia kwamba matokeo yako ni ya ajabu, huenda hakujua anasoma kipimo kipi. Kwenye fomu andika kama ilivyo kwenye transkripti, ile hati ya matokeo ya chuo, 3.9 kati ya 5, usiigeuze mwenyewe. Ni matokeo mazuri. Hayatakutoa, na peke yake hayatakuingiza.

GMAT ina mtego wa namna hiyo hiyo. Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023. Wa zamani uliishia 800, huu wa sasa unaanzia 205 hadi 805, na vipimo havilingani: 645 ya sasa ni kama 700 ya zamani. Unaposoma kwamba alama ya kati ya Harvard ilikuwa 740, hiyo ni ya mtihani wa zamani, usiiweke kando ya 615 yako ukaanza kulia. Hata hivyo, ukishageuza vizuri bado uko chini ya nusu ya darasa. Alama ya kati si kiingilio, nusu ya waliochaguliwa wako chini yake. Lakini na wewe usitafute ile alama ya chini kabisa ya darasa ukajifariji nayo, kwa sababu hujui mwenye alama hiyo alikuwa na nini kingine mkononi.

Kitu ambacho hukuniandikia ni alama yako ya sehemu ya hesabu, na mimi ningeanza na hiyo. Msomaji wa faili anataka kujua kama utaumudu muhula wa kwanza wa fedha na takwimu. Kama hesabu iko juu na Kiingereza ndicho kilichokuvuta, faili lina afya. Kama ni kinyume chake, rudia. Wanaruhusu mara tano ndani ya miezi 12, mradi siku 16 zipite katikati, na unachagua mwenyewe matokeo ya kupeleka.

Sasa tuje kwenye kinachonitia wasiwasi kweli, nacho ni rasimu ya insha uliyoniambatishia. Umeandika kwamba unataka kuleta maendeleo ya kifedha barani Afrika. Mwanangu, sentensi hiyo wameshaisoma kutoka Accra, Lagos na Kigali, na wataisoma tena wiki ijayo. Mimi najua ulichofanya Ruvuma. Mawakala walikuwa wakiishiwa floti, ile akiba ya kuhudumia wateja, mwisho wa mwezi, wateja wanageuzwa mlangoni, na wewe ukamshawishi wakala mkuu akubali kuzungusha floti kati ya vibanda badala ya kila mmoja kufunga safari ya benki. Ulimshawishi vipi mzee yule, na wewe ulikuwa na mwaka mmoja tu kazini? Nani alikupinga ofisini? Baada ya hapo nini kilibadilika, kwa namba? Hayo yote hayamo kwenye insha. Stanford kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza waombaji kitu gani ni muhimu zaidi kwao na kwa nini, na jibu lako naliona kwenye vibanda vile kuliko kwenye bara zima.

Halafu wadhamini, wale watakaokuandikia barua za mapendekezo. Unasema umepata ahadi ya mkurugenzi mkuu. Amekuona mara ngapi? Barua za namna hii nimewaandikia vijana kadhaa wa idarani, na fomu inayotumiwa na vyuo vingi ina swali linalowashinda mabosi wetu: eleza ushauri mzito wa kumrekebisha uliowahi kumpa mwombaji, na aliupokeaje. Sisi tumezoea kuandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, kisha mhuri. Barua ya hivyo haina anachoweza kushika msomaji. Mwombe yule dada msimamizi wako, aliyekukemea kwa ripoti ya Songea. Ana cha kusema, na cheo chake hakitakupunguzia kitu.

Kwa hiyo hukumu yangu, kama ningeipeleka kwenye kamati ya mikopo: kwa faili lilivyo leo, Harvard na Stanford ningekataa. Insha ikiandikwa upya na GMAT ikapanda hadi 655 au zaidi, ningesema walete, tujadili. INSEAD ningeipa uzito zaidi kuliko unavyoipa wewe. Ni miezi 10 tu, wanapokea wanafunzi mara mbili kwa mwaka, na darasa lao limejaa watu wa mataifa mbalimbali kuliko la Marekani. Ukiomba hivyo vitatu peke yake, unacheza kamari. Ongeza Chuo Kikuu cha Cape Town au Strathmore pale Nairobi, na usiniambie ni vya kujifariji, maana kama unarudi kwenye fedha za simu, wenzako wa darasani ndio watakaokuwa washindani na wabia wako.

Pesa zisikuamulie mapema. Ada ya Harvard inazidi dola 70,000 kwa mwaka, lakini msaada wao unafuata hali ya mwombaji, hautazami uraia, na karibu nusu ya wanafunzi wanaupata. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nayo ipo kwa wanaosoma huko, ila kwa MBA wameweka kikomo cha ada, na shule kubwa zinakizidi kwa mbali, hivyo uliza pengo litafidiwa na nani kabla hujashangilia.

Dalili ya kwanza ya kweli utaipata ukiitwa kwenye usaili. Harvard hawamwiti kila mtu, na anayekusaili anakuwa ameshalisoma faili lako lote. Kabla ya hapo, kila anayekutajia asilimia anabahatisha.

Duru ya kwanza ya Harvard hufungwa mwanzoni mwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Lenga Januari, upate muda wa kurudia mtihani. Zungumza na msimamizi wako kabla hajaenda likizo. Ada ya mtihani nitalipa nusu, nyingine jilipie, nawe una mshahara. Na nitumie ile alama ya hesabu.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama utakuja Idi.

Baba yako