Kabla Hujaenda Kupimwa Ubongo, Fumua Nywele

Nilipokuwa nasoma Ujerumani niliona tangazo ukutani: wanasaikolojia wanatafuta watu wa kujitolea, saa mbili tu, na posho ipo. Nikaenda na rasta zangu mpya, zilizonitoa pesa wiki ileile.

Kumbe kipimo ni EEG. Unavalishwa kofia kama ya waogeleaji, ina matundu, na kila tundu lina elektrodi ya kunasa umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa. Umeme wenyewe ni wa sehemu za milioni za volti, hivyo elektrodi isipogusa ngozi hakuna kitu. Dada wa maabara akachukua bomba la sindano butu lenye jeli, akawa anatafuta ngozi katikati ya rasta. Dakika arobaini! Mwishowe akaniambia, kwa aibu, kwamba haitawezekana.

Kwa hiyo uliza mapema ni kipimo gani. Kama ni EEG, fumua, au omba picha ya kofia usuke twende kilioni ambayo mistari yake inaacha ngozi wazi penye matundu. Osha nywele usiku wa kuamkia siku hiyo na usipake mafuta.

Nilirudi mwezi uliofuata nimefumua. Nikapepesa macho, mistari ya elektrodi za mbele ikaruka kwenye skrini. Nikakaza taya, ikawa vurugu tupu. Nilipofumba macho nikatulia, yakaja mawimbi ya taratibu, kama kumi kwa sekunde. Ndiyo hayo aliyoyaeleza Hans Berger, daktari wa Jena, mwaka 1929.

Ukiitwa kwenye MRI, mashine ya sumaku kali inayopiga picha za ubongo, hofu ihamie kwenye chuma: hereni, kipini, wigi yenye klipu, vyote vibaki nje. Kuna kelele, na ukijitikisa picha inaharibika. Nayo haisomi mawazo. Ile ya kuangalia ubongo ukifanya kazi (fMRI) inafuatilia damu yenye oksijeni, na damu huchelewa sekunde kadhaa baada ya ubongo kufanya kazi. Mahali inaonyesha vizuri. Kwa kuonyesha ni lini hasa jambo limetokea, EEG inaipita mbali. Mwaka 2009 watafiti Marekani walieleza jinsi walivyomweka humo samaki aliyekufa, na hesabu zisizochujwa matokeo ya bahati tu zikaonyesha ubongo wake "unafanya kazi". Mimi tangu hapo vichwa vya habari vya "sehemu ya mapenzi yagunduliwa kichwani" navisoma nikicheka.

Fomu ya ridhaa isome yote. Una haki ya kuacha katikati bila kujieleza. Na beba taulo na kitana, maana ile jeli ikikauka inakuwa kama uji uliogandia sufuriani.