Kabla hujalala kitandani, sikiliza mkandaji anachokuuliza

Mkandaji wangu wa kwanza aliniambia neno moja tu: "Lala." Nikalala. Bega lilikuwa limekaza wiki tatu, naye akanishukia kwa viwiko. Niliona aibu kusema naumia, nikidhani maumivu ndiyo dawa yenyewe. Kesho yake mgongo ulikuwa umevilia damu, na bega liko palepale.

Tangu hapo, mkandaji nampima kwa maswali anayouliza kabla hajanigusa. Unaumwa wapi, tangu lini? Umewahi kuvunjika au kupasuliwa? Una mimba? Unatumia dawa gani? Usimwone mpekuzi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia upesi, hivyo hafai kukandamizwa kwa nguvu. Mwenye homa au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza huambiwa arudi akishapona. Na kama kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto na kinauma, usimpelekee mkandaji yeyote. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukichuliwa, bonge linaweza kung'oka likasafiri hadi kwenye mapafu. Huo ni mguu wa kumwonyesha daktari siku hiyohiyo. Mkandaji aliyesoma ataukataa mwenyewe, na pesa yako ataiacha iende.

Upande wako pia kuna kazi: ujue unataka nini. Wanaoanza wengi husema "nataka masaji", basi. Masaji ya Kiswidi hutumia mafuta na mikono inayoteleza taratibu. Inamfaa anayetaka kupumzika. Ya kina hulenga mafundo ya misuli, nayo inataka mtu anayejua mwili ulivyojengwa. Ya Kithai, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2019, hufanywa umevaa nguo, juu ya godoro la sakafuni, huku ukivutwa na kunyooshwa viungo. Kama hupendi kuvua nguo, anza na hiyo. Kama magoti yako hayakunjiki vizuri, sema mapema.

Kuhusu vyeti, usiridhike na karatasi iliyotundikwa ukutani. Sheria hazifanani: jimbo la New York, kwa mfano, hudai angalau saa 1,000 za mafunzo pamoja na mtihani kabla ya kutoa leseni, na kuna mahali ambapo yeyote anaweza kufungua mlango akaanza kazi. Kwa hiyo uliza: ulisoma wapi, kwa muda gani, leseni umepewa na nani? Penye daftari la wenye leseni, tafuta jina lake humo. Aliyesoma hujibu bila kununa. Anayekuahidi kukuponya kisukari au saratani kwa mikono yake, muage.

Ukishalala, mdomo usilale. Mimi hupima maumivu kwa namba, moja hadi kumi: kwenye sita natulia, ikifika nane nakunja ngumi, na mwili uliokunja ngumi haukandiki. Mwambie, na uone kama anapunguza kweli au anakujibu "vumilia kidogo". Kuvua nguo uvue ukiwa peke yako, kwa kiasi unachoridhia, na shuka lifunike kila sehemu isiyokandwa kwa wakati huo. Mkono ukienda pasipohusika, inuka uondoke, hata kama muda uliolipia haujaisha. Huna haja ya kueleza.

Mara ya kwanza kwa mtu mpya nachukua nusu saa tu. Ninayekwenda kwake sasa nilimpata hivyo. Alilishika bega langu mara mbili, siku tofauti; ya tatu akaniambia nigeuze shingo kushoto, kisha kulia, akanyamaza. "Hili halitoki begani," akasema, akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na siku hiyo hakunitoza kitu.