Chungwa kwanza, vina baadaye

Kati ya vifaa vyote nilivyowahi kuingia navyo darasani kufundisha watoto ushairi, hakuna kinachonisaidia kama chungwa. Mtoto akiambiwa atunge shairi kuhusu amani au upendo, anaandika maneno aliyoyasikia kwa wakubwa. Mpe kitu cha kushika, kunusa na kutafuna, ataandika alichokihisi yeye mwenyewe, na hapo ndipo shairi linapoanzia.

Kabla ya lolote, waulize wazazi kuhusu mzio. Karanga, maziwa, mayai na samaki huwadhuru watoto wengi. Wadogo sana wasipewe karanga wala zabibu nzima, maana hukwama kooni. Mikono ioshwe, kisha tuendelee.

Siri yote iko kwenye kuchelewesha mdomo. Chakula kikishamezwa, umakini umeondoka nacho. Kwa hiyo macho yatangulie, vidole vifuate, kisha masikio na pua. Waambie wafumbe macho wapapase ganda: vishimo vyake, ubaridi wake, sehemu kilipokuwa kikonyo. Wakunje kipande cha ganda mbele ya mwanga (mbali na macho, kwa sababu huwasha) waone vijitone vya mafuta vikiruka hewani. Wasikilize ganda linavyoachana na nyama. Kila hatua wataje neno moja, nawe uliandike ubaoni bila kulisahihisha.

Kisha fanya jaribio ambalo silikosi kamwe. Kila mtoto abane pua, atafune kipande, halafu aachie pua ghafla. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule unono wa mchuzi wa nyama. Mengine mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya mdomo. Pua ikiachiwa, chungwa linatokea lote kwa mara moja na darasa zima linapiga kelele. Wape penseli wakati huohuo, kelele zikiwa bado zinaendelea. Ukisubiri watulie, umechelewa.

Ninapiga marufuku maneno matatu: tamu, nzuri, napenda. Badala yake nauliza, «Linakufanya nini?» Swali hilo huleta vitenzi, na vitenzi ndivyo vinavyolipa shairi uhai. Linachoma, linaruka, linakimbilia kidevuni. Tanakali za sauti nazo ziruhusiwe zote, hata zile mtoto alizozibuni papo hapo.

Mizani (hesabu ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana) vije mwisho, vikute maneno yako tayari. Tunapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, mpaka kipande, yaani nusu ya mshororo, kitimie mizani nane. Kutokana na maneno ya ubaoni tunaweza kupata mishororo kama hii:

Ganda lake lanichoma, harufu yanifuata,
Tone la maji lahama, kidevuni linapita.

Hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba «ma» iko katikati na «ta» iko mwishoni, na kwamba kila mshororo una mizani kumi na sita. Kanuni hizo hueleweka haraka zaidi zinapopanga kitu ambacho mtoto ana hamu ya kukisema. Asiyeweza kupata kina leo aachwe na mistari huru. Mimi napendelea mstari mkweli usio na kina kuliko kina kilichobandikwa kwa gundi.

Jambo moja zaidi, nalo nalipenda kuliko yote: usimlazimishe kula mtoto asiyekitaka chakula. Mwambie aandike kwa nini hakitaki. Uchachu unaokunja uso, nyuzi zinazonasa menoni, harufu isiyotoka vidoleni, yote hayo yeye anayajua kwa undani kuliko wenzake wanaofurahia. Wakati wa kusoma kwa sauti ukifika, mwite yeye wa kwanza.