Kuhusu ugonjwa wa baba yako

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kama ugonjwa wa baba utakufuata na wewe. Sikukujibu kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo anasikiliza.

Kwanza, hajarogwa, hata kama baba zako wadogo wanataka kumpeleka kwa mganga. Ni ugonjwa wa ubongo, madaktari wanauita frontotemporal dementia. Kilichotuchanganya ni kwamba kumbukumbu anayo. Mpeleke leo sokoni Mwaloni, atakutajia nani anamdai na nani anadaiwa magunia ya dagaa. Lakini huyohuyo, kwenye msiba wa jirani, aliinuka akachukua nyama kwenye sahani ya mchungaji, akaila amesimama huku anacheka. Watu wakainamisha macho. Sukari siku hizi naifungia kabatini asije akaila.

Picha ilionyesha ubongo umesinyaa mbele na pembeni, kwenye panja. Huko mbele ndiko kuliko na haya, subira na kumhurumia mwenzio. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, mtu bado ana nguvu zake, basi ataitwa mlevi au mhuni kabla hajaitwa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1892, Arnold Pick, daktari wa Prague, alieleza habari za mzee aliyepotewa na maneno, na ubongo wake ukakutwa umesinyaa upande. Mwaka 1911 Alois Alzheimer, yuleyule wa ugonjwa wa kusahau, akaona kwa hadubini madonge ndani ya seli za wagonjwa wa namna hiyo. Baada ya hapo ukawekwa kando kama kitu cha nadra, hadi mwaka 1994 madaktari wa Lund na Manchester walipoandika vigezo vya kuutambua. Mimi hilo pengo linaniuma. Sijui ni wangapi walifungwa kamba kama vichaa.

Sasa swali lako. Mwaka 1998 iligunduliwa hitilafu kwenye jeni ya protini iitwayo tau, 2006 kwenye jeni ya protini nyingine, progranulini, na 2011 kwenye jeni iitwayo C9orf72. Wagonjwa wengi hawana hitilafu hizo. Ila mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Dawa ya kuuzuia bado. Hata zile za Alzheimer hazisaidii huku. Watafiti wanajaribu kuwaongezea progranulini wale wenye upungufu wake, na kama kuna mahali pa kuweka tumaini, mimi naliweka hapo. Kwa hiyo usikimbilie kujipima. Majibu yakitoka huwezi kuyarudisha, na una watoto wadogo.

Daktari ameniuliza kuhusu babu yako, aliyekufa akiitwa kichaa. Alianza kubadilika akiwa na umri gani? Maneno yalimpotea, au ni tabia tu? Sina jibu. Ukitoka Geita kuja Krismasi, shuka Sengerema umuulize shangazi yako mkubwa, na uyaandike anayosema.

Mama yako