Unayetaka Ford ya 1930: usifunge injini kwanza!

Mkuu, hizo dola 500 za kumshikisha muuzaji usizitume. Umeandika kwamba breki za asili "zinashika vizuri", utafunga injini ya V8, Chevrolet 350, kwanza, "mengine yatafuata". Hayo mengine ndiyo yaliyonimaliza mimi.

Breki za asili za Ford hiyo, yaani Model A, hazitumii mafuta. Ni fito za chuma kutoka kwenye pedeli hadi magurudumuni, kwa gari la nguvu za farasi 40. Ford wenyewe walihamia breki za mafuta 1939. Wewe unataka kuwekea V8 humo halafu usimame kwa fito?

Mimi nilipokuwa najenga gari langu, aliniponza mzee mmoja wa maonyesho ya magari hapa Ohio, mwenye gari jekundu linalong'aa kuliko maisha yangu. "Funga injini kwanza, ukiisikia ikinguruma utapata hamu ya kumalizia." Hamu niliipata kweli. Kila jioni nawasha, jirani anafunga dirisha, mimi nachekelea kama bwana harusi. Na lile gari lake jekundu? Baadaye nikaja kujua analileta kwenye maonyesho juu ya trela!

Siku ya kuweka breki za mafuta ndipo nikakuta masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, inatakiwa kukaa chini ya sakafu, karibu na mguu wa dereva, palepale lilipopita bomba langu la ekzosi nililolichomelea kwa mkono wangu. Kulikata nikaona uchungu. Nikabananisha, kati yao vikabaki vidole viwili. Tena masta ikikaa chini kuliko breki za magurudumu, mafuta hurudi yenyewe, kwa hiyo zinahitajika vali za kubakiza shinikizo: paundi 2 kwa inchi ya mraba kwa breki za diski, 10 kwa za dramu. Muuza spea aliniuzia seti "kamili" isiyo na hata moja. Kamili ya nini sijui.

Jumapili ya kwanza barabarani, dakika ishirini hivi, taa nyekundu. Nakanyaga, pedeli inazama kama nimekanyaga uji. Ekzosi imechemsha mafuta ya breki. Napampu, wapi! Nikaingia kwenye nyasi za kanisa, nikang'oa kibao chao, waumini ndio wanatoka. Mama mmoja akaniuliza kama nahitaji maombi. Nikamjibu, mama, nahitaji breki.

Injini ikatoka, ekzosi ikakatwa, ekseli ya mbele ilikuwa imepinda, na chesisi ikapakwa rangi upya kwa sababu mafuta ya breki hubabua rangi. Dola 6,800, miezi kumi na minne. Gari hili nimelifumua mara nne, na tatu kati ya hizo ni deni la Jumapili ile.

Lisimame kwanza, ndipo lingurume. Chesisi ikiwa tupu, funga usukani, pedeli, masta na mabomba yake, kaa kwenye kiti ukanyage. Injini weka bloku tupu la kupimia nafasi tu.

Uliuliza pia bima, na kitu kuhusu gia boksi kama sikosei. Wengine watakujibu. Wewe mwambie muuzaji alale chini ya gari apige picha pale mguu wa dereva unapofika, uiweke hapa. Ile ya mbele yenye taa zinazong'aa tumeshaiona.