Siku za kufungua ni mbili

Wiki iliyopita niliitwa kutazama mchoro wa vijana wanaoandaa chumba cha maonesho kuhusu makazi ya mwaka 2070. Mchoro mzuri, sikatai. Miti juu ya paa, watoto wanakimbia, bibi mmoja anamwagilia bustani ghorofa ya tisa. Nikauliza, "Ukuta huu umeshikwa na nini?" Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Gundi, kaka, lakini haitaonekana." Nikaomba maji ya kunywa.

Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanizeesha. Haya, andikeni.

1. Siku za kufungua ni mbili. Ya kwanza mnaijua: hotuba, picha, viatu vipya. Ya pili ni ile ya bisibisi, wapiga picha wameshaondoka na mwenye jengo anataka ufunguo wake kabla ya magharibi. Nyie mnachora kwa ajili ya ile ya kwanza. Alejandro Aravena, msanifu majengo wa Chile, aliposimamia Biennale ya usanifu (maonesho makubwa ya kimataifa kule Venice, Italia) mwaka 2016, vyumba vya kuingilia alivijenga kwa mabaki ya Biennale ya sanaa ya mwaka uliotangulia: mita za mraba 10,000 za bodi za jipsamu na kilomita 14 za vyuma vya fremu. Jipsamu ilipangwa ukutani vipandevipande, vyuma vikaning'inizwa darini. Watu waliona uzuri. Mimi niliona bili ya taka. Mwaka 2023 Wajerumani wakaendelea palepale: banda la nchi yao humo kwenye Biennale walilijaza masalio waliyookota kwenye mabanda zaidi ya 40 ya mwaka wa nyuma, wakaweka na karakana humohumo, vitu vikatoka kwenda kukarabati vingine. Banda likawa bohari, na bohari ndiyo ikawa hoja yenyewe.

2. Sasa aibu yangu, maana bila hiyo mtasema mzee anajua kulaumu tu. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa kona ya maonesho, mita sita kwa nne. Dhana: nyumba ya kesho isiyonunua kitu kipya. Tukampata seremala mmoja mzee aliyekuwa ameng'oa milango kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. Milango 38 ya mbao ngumu, na vitasa vyake. Hakutuuzia. Alituazima kwa mdomo, bila karatasi: miezi mitatu, kisha irudi, ana mteja anaisubiri. Tukapanga kuifunga kwa vyuma vya kona, skrubu zipite kwenye matundu ya bawaba yaliyokuwapo tayari, tusitoboe hata tundu moja jipya. Mchoro ule najivunia hadi leo.

Usiku wa pili kabla ya ufunguzi, ukuta ukawa unacheza. Ukiugusa kwa kidole unaitikia. Vyuma vya kona vilikuwa vimechelewa njiani. Ningeweza kuufupisha ukuta. Ningeweza kuulaza chini. Ningeweza kuuzungushia kamba nikasema kamba ni sehemu ya dhana. Mbona tumesema makubwa zaidi ya hayo. Badala yake nikamtuma kijana alete katoni mbili za gundi ya kujengea, ile ya bomba, ambayo ikishika imeshika. Tukapaka hadi alfajiri. Asubuhi nikausukuma ukuta, ukatulia tuli, nikajiona fundi. Kisha nikatundika paneli niliyoiandika kwa mkono wangu: "Kila kipande unachokiona kitarudi kilikotoka."

Miezi mitatu nililala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipita mbele ya sentensi ile karibu kila siku, nikiongoza wageni, na sikukumbuka kuwa nyuma yake kuna katoni mbili.

Siku ya pili ya kufungua tulianza na patasi, tukahamia kwenye msumeno, tukamalizia na nondo. Gundi haikuachia. Kilichoachia ni mbao: mlango ukitoka, unatoka na uso wa mwenzake. Kufika saa nane mchana tulikuwa na milango sita mizima na rundo. Seremala akaja na gari la kukodi, amevaa shati safi kama mtu aendaye kupokea mgeni. Hakupiga kelele. Aliokota kipande, akapitisha kidole gumba pale mbao ilipochanika, akanusa. Akasema, "Wanangu, mngeniambia mnataka kuni, kuni ninazo."

Akapakia milango yake sita, akaondoka. Ile 32 tulimlipa kwa mafungu, zaidi ya mwaka, lakini mteja wake hakusubiri. Na unajua ni kitu gani kilibanduka kizima siku ile, bila hata mkwaruzo? Paneli yangu.

Kwa hiyo nikiuliza ukuta umeshikwa na nini, msidhani ni uchokozi.

3. Kipi ni kweli na kipi ni maigizo, semeni. Mwaka 2025 Bahrain walishinda Simba wa Dhahabu, zawadi kuu ya Biennale, kule Venice kwa banda kuhusu joto: hewa ipozwe na ardhi kupitia kisima, ivutwe juu na dohani inayopashwa joto na jua, watu wapate kivuli na ubaridi bila kiyoyozi. Kuchimba ndani ya jengo la Venice hakukuwezekana, wakapitisha hewa kwa mashine, na wakalieleza hilo waziwazi. Zawadi hawakunyang'anywa. Nyie mnaficha feni nyuma ya matofali ya nyuzi za uyoga mkidhani mgeni hana masikio.

4. "Mji wa kesho" hauna anwani. Chagueni mahali pamoja na tatizo moja. Mwaka 2010 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilionesha kazi za timu tano kuhusu bandari ya jiji hilohilo, bahari ikipanda. Msanifu mandhari Kate Orff na ofisi yake ya SCAPE walileta chaza. Ndiyo, chaza: wajengewe miamba, wavunje nguvu ya mawimbi, wachuje maji. Miaka miwili baadaye dhoruba ya Sandy ikaingia jijini, na lile wazo likakua hadi kuwa matuta ya mawe baharini kando ya Staten Island, kisiwa cha jiji hilohilo, yakakamilika mwaka 2024. Miaka 14 kutoka modeli hadi mawe. Msinililie kwamba maonesho ni ya wiki sita tu. Na wenye mahali waje mezani kabla modeli haijakatwa, si siku ya hotuba. Nimeshaona mzee akiinama juu ya modeli dakika kumi akitafuta nyumba yake, kumbe tumeipanda miti.

5. Viza ziombwe kabla ya mbao. Mwaka 2023 Lesley Lokko, msimamizi wa Biennale ya mwaka huo, alikuwa na washiriki 89 Venice, zaidi ya nusu wakiwa wa Afrika au wenye asili yake, na bado wasaidizi wake watatu wa Ghana walinyimwa viza ya kuingia Italia. Onesho zima lilikuwa kuhusu Afrika kama maabara ya kesho. Ikimpata yeye, wewe ni nani?

6. Haya ya harakaharaka. Maelezo ya ukutani yasizidi maneno 60. Yawekwe chini kidogo, mtu wa kiti cha magurudumu naye asome. Video ya dakika 12 iwekewe benchi au ikatwe. Udongo ulioshindiliwa upewe wiki za kukauka, si siku. Brazili mwaka 2023 kule Venice walitandaza udongo sakafuni banda zima, wakaondoka na Simba wa Dhahabu.

7. Skrubu zinahesabiwa zikiingia, zinahesabiwa zikitoka, kila kipimo na kopo lake. Kazi yangu ya mwisho ziliingia 640, zikatoka 636. Nne bado nazitafuta, na ninamshuku mtu wa taa.